MWALIMU ASIFUNGWE MDOMO

Mkulima wa alizeti hapa Singida apelekapo udongo wa shamba lake kwa mtaalamu, hatafuti maneno ya kumfurahisha. Ataka kuambiwa kweli. Akidanganywa, atakayelala njaa ni yeye na watoto wake. Ndiyo maana uhuru wa walimu wa vyuo vikuu si jambo la wasomi peke yao. Watuhusu sisi wakulima na wafanyakazi, ambao kwa jasho letu vyuo hivyo huendeshwa.

Ndugu wananchi, tukumbuke kuwa chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba, 1961, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chama kilikipa chuo nyumba. Lakini kumpa mtu chumba si kumchagulia maneno ya kusema.

Miaka iliyofuata yatupa mafunzo mawili. Desemba, 1969, Dk. Walter Rodney, mwalimu wa historia mzaliwa wa Guyana, alitoa hotuba kali juu ya mapinduzi ya Afrika. Gazeti la Chama, The Nationalist, lilimshambulia kwa tahariri. Naye akajibu kwa kalamu. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha hadi 1974, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam. Hoja ilijibiwa kwa hoja, na Afrika nzima ikafaidika.

Novemba, 1970, mambo yalikuwa kinyume. Cheche, gazeti la wanafunzi, lilipigwa marufuku pamoja na chama chao, USARF. Vijana wale hawakuwa maadui wa ujamaa. Walitaka utekelezwe kwa kasi zaidi. Walinyamazishwa, hawakujibiwa.

Wako wanaouliza: Je, mwalimu alipwaye na umma aseme apendavyo? Swali hilo ni la haki. Wanataaluma wenyewe walilijibu Aprili, 1990, katika Azimio la Dar es Salaam, walipoufunga pamoja uhuru wa taaluma na wajibu wao kwa jamii. Basi mwalimu akikosea, wenzake wampinge kwa ushahidi, wala si mkuu wa siasa kwa simu.

Kila mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo yafaa nini, iwapo twamwogopa aitimizaye? Mficha maradhi, kifo humwumbua.