Uma wa meno matatu
(Ukuhani na uongozi wa kiroho: sehemu ya pili)

Sehemu ya kwanza ilimwacha Haruni na wanawe mlangoni pa hema ya kukutania, siku 7 za kuwekwa wakfu zimekwisha. Ila ukuhani haukupimwa kwa sherehe ile. Ulipimwa baadaye, tena mara nyingi kwenye nyama.

Kuhani wa Israeli hakuwa na shamba la urithi. Kabila lake la Lawi lilipewa miji 48 ya kukaa, na malisho kandokando yake. Riziki ikategemea zaka na sadaka. Ndiyo maana Torati ikapima sehemu ya kuhani kipande kwa kipande. Katika sadaka ya amani, mafuta yateketezwe madhabahuni, kidari na paja la kuume vimwendee kuhani, nyama iliyobaki aile mwenye sadaka na jamaa yake. Mkulima aliyeswaga mbuzi wake kutoka kijijini alijua mapema nani atakula nini. Walawi nao, waliopokea zaka za watu, walidaiwa watoe zaka katika hizo hizo (Hesabu 18).

Kipimo hicho ndicho kilichovunjwa kule Shilo, enzi za kuhani Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walimtuma mtumishi na uma wa meno matatu wakati nyama ya watu ingali jikoni. Anauchoma chunguni, chochote kitakachonaswa ni cha kuhani. Baadaye hata kusubiri kukawashinda: mtumishi akaanza kudai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa. Mwenye sadaka akisihi kwamba mafuta yatangulie, anaambiwa atoe sasa hivi, la sivyo atanyang'anywa. Kwa maneno mengine, muumini wa kawaida alikuwa anamkumbusha mhudumu wa madhabahu sheria ya madhabahu.

Eli alipata habari zote, pamoja na uzinzi wa wanawe na wanawake waliohudumu mlangoni. Aliwaonya kwa maneno, akaishia hapo, hakuwaondoa kazini. Wasomaji wengi humhurumia kama mzee aliyeshindwa na watoto, lakini nabii aliyemjia hakumpa nafasi hiyo: alimshtaki yeye pia kwa kunenepa kwa sadaka za watu. Aliwaonya wanawe huku akila pamoja nao.

Mchungaji wa leo si kuhani kwa maana ile. Waraka kwa Waebrania humpa Kristo ukuhani mkuu, na Petro huliita kanisa zima ukuhani. Hata hivyo, anayeishi kwa sadaka yuko karibu mno na chungu cha Shilo. Usharika ambao mhazini husoma mapato na matumizi mbele ya waumini, na posho ya mchungaji ikapangwa na baraza la wazee, unafanya kazi ile ile ya kidari na paja. Pale ambapo namba ya simu ya kupokelea "mbegu" ni ya mtumishi mwenyewe, na chupa ya maji ya upako ina bei, uma umerudi jikoni.

Torati haikuishia kwenye mgao. Kuhani mpakwa mafuta akikosa, alileta fahali, sawa na kosa la taifa zima. Mtawala alileta beberu, na mtu wa kawaida mbuzi jike au kondoo jike (Walawi 4). Na juu ya mabega ya Haruni kulikuwa na mawe mawili ya shohamu, kila moja na majina 6 ya kabila za Israeli. Aliingia patakatifu akiwa amewabeba watu.

Afrika Mashariki ina mfano wa mzigo huo. Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia na unyanyasaji wa askari. Tarehe 16 mwezi huo huo aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Sehemu ya tatu itamgeukia Melkizedeki, kuhani asiyetoka ukoo wa Lawi, na swali la wachungaji wanaorithisha makanisa kwa watoto wao.