Dawa ya mbuzi inapomgeukia mbu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Tukisikia neno uvumbuzi, wengi wetu hufikiria kitu kilichotoka maabara jana. Lakini kuna uvumbuzi wa aina nyingine: kuchukua dawa ya zamani na kuipa kazi mpya.

Huku Masinga, Machakos, ninakoandikia makala haya, mfugaji ambaye mbuzi wake wana minyoo au upele huenda duka la dawa za mifugo kununua ivamektini. Dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1981, mwaka uleule Bwawa la Masinga lilipokamilika. Asili yake ni bakteria ambayo Satoshi Omura aliipata kwenye udongo wa Japani, na William Campbell akiwa Marekani akaonyesha kuwa ina nguvu dhidi ya vimelea vya mifugo.

Swali likafuata: kama inamsaidia mnyama, binadamu je? Mwaka 1987 ikaidhinishwa kutibu usubi, ugonjwa unaopofusha watu wanaoishi karibu na mito iendayo kasi, na kampuni ya Merck ikaahidi kuitoa bure. Omura na Campbell walitunukiwa Nobel mwaka 2015.

Sasa turudi kwetu Pwani. Katika jaribio la BOHEMIA lililofanyika Kwale, swali lilikuwa jingine kabisa. Mtu akimeza ivamektini, dawa hukaa katika damu yake kwa siku kadhaa, na mbu akiinyonya damu hiyo hufa. Hapo hata yule mbu anayeuma jioni barazani, kabla hatujaingia ndani ya chandarua, anapatikana. Kundi moja lilipewa ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na jingine albendazole. Matokeo yalitolewa Julai 2025: miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi mapya ya malaria yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 katika kundi la ivamektini.

Asilimia 26 si muujiza, na chandarua kinabaki palepale. Lakini faida ya dawa kongwe ni kwamba madhara yake yanajulikana tayari, hivyo miaka na fedha nyingi huokolewa.

Hata hivyo, kila kazi mpya lazima ipimwe. Wakati wa korona watu waliikimbilia ivamektini hiyohiyo, na majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha faida.

Kwa hivyo nawasihi ndugu zangu: dawa ya dukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi msiinywe wala msijidunge. Kipimo cha binadamu hufuata uzito, na Kwale kwenyewe wajawazito na watoto walio chini ya kilo 15 hawakupewa. Mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati akapimwe.