La Vie est belle: siku Papa Wemba alikuwa boi wa bosi

Ukitaja jina la Papa Wemba mu komini ya Kenya, watu wanafikiri kwanza nyimbo na mavazi ya Sape. Vijana wengi hawajui kama alicheza pia filme ya kuchekesha. Jina lake ni La Vie est belle, ilitoka mwaka wa 1987, wakati inchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Waliitengeneza watu wawili: Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, na Mubeleji Benoît Lamy.

Hadithi ni hii. Kourou (njo Papa Wemba) anatoka kijijini, anaenda Kinshasa kutafuta kuwa muimbaji. Mfukoni hana kitu. Anakubali kazi ya boi kwa Nvouandou, bosi mwenye nyumba ya dansi ya usiku. Kourou anapenda msichana mmoja, Kabibi. Kumbe bosi naye anamtaka huyo huyo! Nguvu za kiume zimemwishia, na nganga amemshauri aoe msichana, lakini asimguse siku 30. Bosi anaoa, halafu anabaki kuhesabu siku. Bibi wa kwanza naye hakai bure. Nyimbo zinaingia katikati, na boi anamaliza akiimba mbele ya watu.

Filme ilitembea mpaka Ulaya na Amerika, lakini kuko walioilaumu. Mobutu anatawala, chama ni kimoja tu, mishahara haifikishe mwezi, na nyinyi munasema maisha ni mazuri? Neno hilo si la kutupa. Ngangura yeye alitetea sinema yenye kufurahisha watu, si ile ya kuwafundisha tu kama wako darasani.

Lakini tuangalie nani anachekwa mule. Ni mwenye feza, mwenye kufikiri kama kila kitu kinanunuliwa, na anayemshinda ni boi wake. Na wadogo wote wanaishi kwa Article 15: jitafutie mwenyewe. Mu inchi ambamo watu waliogopa kumcheka mkubwa kwa sauti, hiyo haikuwa kitu kidogo.

Kasoro kubwa ni luga. Boi na bosi wa Kinshasa wanagombana kwa Kifaransa, ju filme ilikuwa ya kushirikiana na Ubelgiji na Ufaransa, na Kifaransa kinafungua milango ya kule. Mama ambaye hakusoma anacheka matendo, maneno yanampita. Hapa Lubumbashi, Mufwankolo na kundi lake walicheza michezo yao kwa Kiswahili chetu, ku radio na ku televizio, na mama wa sokoni hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, akafa, tarehe 24 Aprili 2016. Ngangura alikuwa ameisha kupata Étalon de Yennenga, zawadi kubwa ya FESPACO ya Ouagadougou, mwaka wa 1999, na filme yake Pièces d'identités: mfalme mzee wa Kongo anaenda Ubelgiji kutafuta binti yake. Na mule pia kuko kucheka.