Kitufe cha Mgeni Katika Tovuti Yetu

Tovuti nyingi huwa na kitufe kidogo kisichotengenezwa na mwenye tovuti. Kazi yake ni kumwunganisha msomaji na huduma ya kampuni nyingine. Mfano uliojulikana sana ni kitufe cha "Like", ambacho Facebook ilikitoa kwa ajili ya tovuti nyingine mwaka 2010. Wengi hudhani kuwa kitufe cha namna hii ni picha tu, isiyofanya kazi mpaka ibonyezwe. Dhana hiyo si sahihi.

Ili kukiweka, mwenye tovuti hubandika katika ukurasa wake mistari michache ya JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Mistari hiyo si kitufe chenyewe, bali ni agizo. Ukurasa unapofunguliwa, kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti, hulitii agizo hilo: huiomba kompyuta ya kampuni ile programu kubwa zaidi, kisha huiendesha ndani ya ukurasa. Hapo ndipo kitufe huonekana.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, ombi hilo hubeba anwani ya mtandao ya msomaji na, mara nyingi, jina la tovuti anayoisoma. Huweza pia kubeba vidakuzi, yaani alama ambazo kampuni iliziweka awali ili kumtambua. Hivyo kampuni hupata habari zake hata asipobonyeza kitu. Pili, programu ya mgeni hupata uwezo sawa na ile ya mwenyeji: inaweza kubadili maandishi ya ukurasa, au kusoma yanayojazwa katika fomu.

Jambo hili lilifika mahakamani. Fashion ID, duka la nguo la Ujerumani, lilikuwa limeweka kitufe cha "Like" katika tovuti yake. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye tovuti wa namna hiyo anaweza kuwajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kupeleka habari za wasomaji.

Je, tuviache kabisa vitufe hivi? La. Tuweke kwanza picha ya kitufe iliyohifadhiwa katika tovuti yetu wenyewe. Programu ya kampuni iitwe baada tu ya msomaji kuibonyeza. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe: afungue zana za watengenezaji zilizomo katika kivinjari, atazame orodha ya maombi yanayotumwa, kisha ahesabu mangapi yanakwenda kwa wageni.