Kwaya Inaposafiri Ziwani

Ndugu msomaji, je, wewe ni mwimbaji wa kwaya? Au mke wako, mume wako au mtoto wako ni mwimbaji? Kama mnakaa Kyela, Ipinda, Matema au kijiji kingine cha kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huenda siku moja kwaya yenu itaalikwa mbali. Barua itatoka Lupingu, Manda, Liuli au Mbamba Bay. Wenyeji wataandika: "Njooni na jamaa zenu. Chakula kipo."

Barua kama hiyo huleta furaha. Sare hushonwa. Mazoezi huongezwa. Wazee na watoto nao hutaka kwenda. Lakini kabla ya kuimba lazima mfike, na baada ya kuimba lazima mrudi nyumbani nyote. Leo tuzungumze juu ya safari hiyo.

Kwa nini watu hupita ziwani?

Tazama upande wa mashariki ukiwa Matema. Utaona Milima ya Livingstone. Milima hiyo inashuka mpaka majini. Mahali pengi hapana nafasi ya barabara wala ya shamba. Kwa miaka mingi watu wa Ikombe, wanaofinyanga vyungu vizuri, walivileta mnada wa Matema kwa mitumbwi.

Njia ya nchi kavu ipo, lakini ni ndefu. Mtu wa Kyela anayekwenda Mbamba Bay kwa gari hupanda Tukuyu mpaka Uyole. Kisha hupita Makambako, Njombe, Songea na Mbinga, ndipo ateremke tena ziwani. Kwa hiyo watu wengi hupenda maji.

Meli za MV Iringa na MV Songea zilibeba abiria katika ziwa hili kwa miaka mingi. Mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II ilianza kazi. Iliundwa ili ibebe abiria 200 na mizigo tani 200. Lakini meli haiondoki kila siku. Kwaya ikikosa meli, hushawishika kukodi boti ya injini. Hapo ndipo hatari nyingi huanza.

Wakati wa nafasi ndio wakati wa upepo

Watu wa Kyela wanajua mvua. Mwezi wa Aprili mito hujaa na barabara huharibika. Hakuna kwaya inayopenda kusafiri wakati huo. Mpunga ukisha kuvunwa, mambo hubadilika. Mvua imepungua, fedha kidogo ipo, na mwezi wa Juni shule hufungwa. Basi kila mtu husema: "Huu ndio wakati wa safari."

Lakini kumbuka jambo hili. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo mkali huvuma kutoka kusini-mashariki. Wenzetu wa Malawi huuita Mwera. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilometa zipatazo 580 kutoka kaskazini mpaka kusini. Upepo wa kusini husukuma maji njia nzima. Mawimbi hukua njiani, na yanapofika pwani ya Kyela huwa makubwa. Tena Mwera huweza kuvuma siku kadhaa bila kupumzika. Na penye milima ya Livingstone, mahali pa kukimbilia na boti ni pachache.

Kwa hiyo wakati tulio na nafasi ya kusafiri ndio wakati ziwa linapokuwa kali. Hatusemi msisafiri. Tunasema mjipange.

Yaliyowapata wengine

Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama kaskazini mwa ziwa hili, upande wa Malawi, katika dhoruba. Watu 145 walikufa. Vipya haikuwa meli kuukuu. Ilikuwa mpya kabisa. Upya wa chombo haushindi dhoruba.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku hiyo kilibeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Watu zaidi ya 220 walikufa. Na gati lilikuwa karibu, wanaliona.

Tunajifunza mambo mawili. Dhoruba huua hata meli mpya. Watu wengi kupita kiasi huua hata karibu na gati.

Mpange nini kijijini?

1. Hesabuni watu wote. Tuseme waimbaji ni 30. Wake, waume na wazee wanaofuatana nao ni 9. Watoto ni 7. Jumla ni watu 46, wala si 30. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama naye ni mtu. Andikeni majina yote katika karatasi mbili. Moja ibaki kijijini.

2. Ulizeni bandarini mapema. Itungi, Kiwira na Matema watawaambia siku ya meli. Pangeni siku ya kuimba kufuatana na meli. Msipange siku ya kuimba kwanza, kisha mkatafuta chombo chochote.

3. Ongezeni siku mbili au tatu za akiba. Mweka hazina atenge fedha ya chakula cha siku hizo. Fedha hiyo isiguswe kwa kununulia sare. Mtu aliyeishiwa fedha hulazimika kuondoka hata kama upepo ni mbaya.

4. Kama mnakodi boti, ulizeni cheti. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, hukagua vyombo. Jueni boti imeruhusiwa watu wangapi. Ngoma na magunia ya mchele nayo yana uzito.

5. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu anapopanda. Watoto wapate ya kipimo chao. Jaketi lililofungiwa ghalani halimsaidii mtu.

6. Sikilizeni redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza hali ya maziwa pia.

Nani atasema, "Leo hatuondoki"?

Hili ndilo jambo gumu kuliko yote. Ni Jumamosi jioni. Kesho ndiyo siku ya kuimba. Wenyeji wamekwisha pika ndizi, wali na mbasa. Mawimbi yanapiga ufukwe. Kila mmoja moyoni anaogopa, lakini hakuna anayesema. Kijana anaona haya mbele ya wazee. Mama anaogopa kuitwa mwoga. Basi wote wanapanda.

Dawa yake ni kuamua mapema. Katika mkutano wa kwaya, kabla ya safari, chagueni watu wawili, mwanamume na mwanamke. Wapeni mamlaka ya kuahirisha safari. Wakisema hapana, mwalimu wa kwaya asiwapinge, na mwenyekiti pia. Nahodha akikataa kuondoka, msimbembeleze, wala msimwongezee fedha. Yeye analijua ziwa kuliko ninyi.

Wapelekeeni wenyeji habari kwa simu. Watakula chakula chao, na watawapikia kingine mkifika. Wimbo uliokosa Jumapili hii utaimbwa Jumapili ijayo. Mtu aliyezama haimbi tena.

Ndugu msomaji, soma makala haya kwa sauti katika mazoezi yenu. Wako wenzako wasioweza kusoma, nao watapanda boti hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwaya yenu husafiri mwezi gani? Upepo huwaje mwezi huo?
2. Mna fedha ya siku za akiba?
3. Ni watu gani wawili mtakaowapa mamlaka ya kuahirisha safari?