Babu Yako Alikuwa wa Rika Gani?

Kijana mmoja wa jirani yangu hapa Olasiti, Arusha, alinijia baada ya mavuno ya mahindi, amechukua kwapani sanduku dogo la bati, la aina ile ambayo wazazi wetu walitunzia khanga za harusi na hati za mashamba, akaniomba nimsaidie kujua baba wa babu yake alizaliwa mwaka gani, alikaa wapi, na hasa aliitwa nani. Kwa maana ukoo wao ulikuwa umekwisha kukaa vikao vitatu juu ya kipande cha ardhi kilichoko upande wa Kisongo, na kila kikao kilizua mzee mwenye riwaya yake mwenyewe. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitu vitatu tu vya kutazamwa: stakabadhi ya kodi ya kichwa ya mwaka 1947, kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne hata mikunjo ikapasuka, na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, «amezaliwa 1 Januari 1900». Kijana alikienzi hicho cha mwisho kuliko vyote. Mimi ndicho nilichokitilia shaka kwanza.

Tarehe ya kwanza ya Januari, na hasa ya mwaka mkamilifu kama huo, aghalabu si siku aliyozaliwa mtu bali ni siku aliyochoka karani. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1921, na hata baada ya hapo ilipita miaka mingi kabla haijawafikia Waafrika wa vijijini. Basi mzee wa mlima Meru aliyetakiwa kutaja siku yake, ama kwa ajili ya kadi ama kwa ajili ya matibabu, alimtazama karani, karani naye akamtazama mvi zake, na baina ya macho hayo mawili ikazaliwa tarehe. Si uongo, maana hapana aliyekusudia kudanganya. Lakini si ushahidi pia, na mtu anayejenga nasaba juu ya tarehe kama hiyo amejenga juu ya mchanga wa mto Themi.

Hapa kwetu, hata hivyo, wazee walituachia kalenda iliyo bora kuliko ya karani, nayo ni rika. Mwarusha wa zamani, ukimwuliza umri wake, hakukujibu kwa hesabu ya miaka, bali kwa jina la rika lake, na majina hayo, ambayo Waarusha wanayo sawa na ndugu zao Wamaasai wa Kisongo, hufuatana kama shanga katika uzi mmoja: Talala, Twati, Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga. Tangu kufunguliwa tohara ya rika moja hata kufunguliwa ya rika linalofuata hupita kiasi cha miaka kumi na mitano hivi, na ndani ya kila rika mna mafungu mawili, waliotahiriwa mwanzo, ambao ni wa mkono wa kulia, na waliofuata, ambao ni wa mkono wa kushoto; hata ukipata jina la rika pamoja na mkono wake, umekwisha kumfungia babu yako katika chumba kidogo cha miaka saba au minane, jambo ambalo mtafutaji wa nasaba katika nchi nyingi za dunia angelitoa fedha nyingi kulipata. Mtaalamu wa Kiingereza P. H. Gulliver, aliyefanya uchunguzi wake kati ya Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, alionyesha kwamba rika kwao halikuwa pambo la ngoma, bali lilikuwa miongoni mwa nguzo zilizoshika mashauri na suluhu zao. Mtu aweza kusahau jina la babu wa babu yake. Kusahau rika ni kutojua nani wa kumpisha njia na nani wa kula naye nyama.

Sasa kalenda hiyo ya rika haina budi kutiwa misumari ili isiyumbe, na misumari yenyewe ni matukio ambayo tarehe zake zinajulikana kwa yakini. Usiku mmoja wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kwa mikuki ya murani wa Kiarusha na Kimeru, naye Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, akaja kulipiza kisasi kwa kuchoma maboma na migomba na kuteka mifugo. Murani wa zama hizo walikuwa Talala, na Twati ndio walioirithi nchi iliyoungua. Ukitoka hapo una boma la Wajerumani, ambalo wazee husimulia lilijengwa kwa shuruti na mijeledi, na ambalo leo ni makumbusho katikati ya mji. Una kuingia kwa Waingereza mwaka 1916. Una reli iliyofika Arusha ikitoka Moshi mwaka 1929. Na kwa Wameru una mwaka 1951, walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, na nyumba zikateketezwa, hata mjumbe wao Kirilo Japhet akatumwa mwaka uliofuata kwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo usimwulize bibi, «Baba yako alizaliwa mwaka gani?» Mwulize, «Gari la moshi lilipofika, baba alikuwa ametahiriwa? Alikuwa ameoa? Mtoto wake wa kwanza alikuwa ananyonya au anachunga?» Atakujibu bila ya kusita, na jibu lake utaligeuza mwaka wewe mwenyewe.

Baba wa babu wa kijana yule alikuwa Twati, na kwa kuwa vijana wa zamani walitahiriwa wamekwisha kubalehe, aghalabu mtu wa rika lake alizaliwa kabla karne ya kumi na tisa haijatimia. Penseli ilikuwa imempunguzia miaka.

Mushkeli wa pili, nao ni mzito kuliko wa tarehe, ni jina. Mgeni anayefungua daftari la usharika akitafuta mtu aitwaye Mollel atatoka na Mollel wa kutosha kujaza soko la Kilombero, kwa sababu Mollel, Laizer na Lukumay kwa Waarusha, kama vile Pallangyo, Mbise, Kaaya, Nanyaro na Sarakikya kwa Wameru, si majina ya baba wa mtu, bali ni majina ya koo, yaliyogeuzwa kuwa jina la mwisho pale shule na kanisa vilipodai kila mtu awe nalo. Nyuma ya jina la ukoo liko jina la ubatizo, nalo aghalabu ni la Biblia. Na nyuma ya jina la ubatizo liko jina la nyumbani, ambalo ndilo mama alilomwitia mwanawe na ndilo pekee litakalokufikisha kwa mtu mmoja badala ya mia. Fauka ya hayo, walioandika madaftari ya kwanza walikuwa Wajerumani, ambao walisikia kwa sikio lao na kuandika kwa kalamu yao: Arusha kwao ni Aruscha, Moshi ni Moschi, Chagga ni Dschagga, na kwa kuwa herufi s mbele ya irabu huisoma kama z yetu, usistaajabu kukuta Laiser na Laizer katika ukoo mmoja, ndugu wa tumbo moja waliotengwa na herufi.

Misheni ya Leipzig ilifungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902 na cha Ilboru mwaka 1904, na tangu hapo kila aliyebatizwa aliandikwa. Mwenye babu Mkristo basi aanze na usharika wake, aombe kwa adabu, apeleke jina la nyumbani pamoja na rika, wala asiende na mwaka mmoja tu mkononi. Barua na taarifa ambazo wamisionari walizituma kwao ziko Ujerumani, mjini Halle, na majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyosalia yako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lakini nionye kwa kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita ukoo mmoja ulinipa nakala ya ukurasa ulioandikwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa kale, unaofanana na nyayo za kuku juu ya majivu, nami nikasoma «geb.», yaani amezaliwa, mahali palipoandikwa «get.», yaani amebatizwa, nikamfanya mtu aliyebatizwa akiwa na wake na ng'ombe kuwa kitoto kichanga. Wenyewe walifurahi mno, wakauchora mwaka ule juu ya kaburi lake saruji ikingali mbichi. Mpaka leo nikipita njia ile huwa natazama upande wa pili.

Yako pia mambo ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi, yakaandikwa mahali pa kutisha. Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichagga, huko Moshi pamoja na watu 18 wengine, miongoni mwao viongozi wa Meru na Arusha, na ukoo wa Meli unaamini kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ulaya. Mjukuu wake Isaria Meli alikitafuta kwa miongo mingi. Septemba 2023 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, katika kulinganisha vinasaba vya mafuvu machache yaliyotoka nchi hizi na vya watu walio hai Tanzania, mafuvu 3 yalipata jamaa zake. Fuvu mojawapo lilikuwa limeandikwa neno moja, «Akida». Kila asomaye Kiswahili anajua kwamba hilo ni jina la cheo, wala si la mtu. Lakini neno hilo, likiunganishwa na masimulizi ya ukoo kwamba babu yao alikuwa mshauri wa cheo cha juu wa Mangi Meli, ndilo lililowaonyesha wataalamu mlango wa kubisha. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo wasemao kwamba hadithi za wazee ni porojo na karatasi ndiyo haki: hapo karatasi pekee haikutosha, na bila ya simulizi fuvu lingebaki na cheo bila mtu.

Simulizi nayo ina adabu zake. Wanazuoni wa pwani, kabla ya kuipokea habari, huuliza sanadi yake, yaani nani kaisikia kwa nani, mpaka kwa aliyeona kwa macho. Nasi tungefanya vyema kuiga. Mzee akikuambia, «Babu yenu alipigana na Wajerumani,» mshukuru, kisha umwulize aliambiwa na nani, wakiwa wapi, na yule aliyemwambia alikuwa wa rika gani, uyaandike majina hayo kando ya habari yenyewe. Na ukikuta riwaya mbili zinapingana, usiifute hata moja, wala usizichanganye ukapata ya tatu isiyosemwa na mtu. Hasa waulize wanawake. Katika vikao vya ardhi husemeshwa wanaume, nao wanaume hukumbuka mipaka na ng'ombe; walioolewa na kuzaliwa ndani ya boma ndio wanaokumbuka nani alilala wapi na kwa nini hakurudi.

Ndivyo tulivyokwenda, mimi na kijana na sanduku lake, kwa bibi mmoja mkongwe, binti wa huyo mzee wa Twati, ambaye vikao vyote vitatu havikumwita. Alikuwa ameketi juani karibu na masale ya mpakani.

«Takwenya, koko,» kijana akaamkia.

«Iko,» akajibu, akatusogezea kigoda.

Mambo yote yalikuwa juu ya stakabadhi. Jina lililoandikwa pale halikuwa jina la nyumbani la mzee wala la ubatizo, na ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba lilikuwa jina lake la tatu. Kijana alikusudia kuipeleka hati hiyo barazani iwe hoja yake. Nikaisoma kwa sauti, jina, mwaka na fedha iliyolipwa. Bibi akaomba niisome tena.

«Huyo si baba,» akasema. «Huyo ni baba mdogo. Alikuwa ameondoka kwenda kukata mkonge Tanga, hakuacha kitu. Baba akamlipia, asije akafungwa siku atakayorudi.»

Kijana akauliza kama alirudi.

«Hakurudi.» Akanyoosha mkono, akaichukua ile stakabadhi, ambayo hakuweza kuisoma, akaigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, akaitazama kitambo. «Waliuza mbuzi kwa hii,» akasema. «Mbuzi mwenyewe alikuwa wa mama yangu.»