Uso wa meza wa mbao

Uso wa meza wa mbao ni sehemu bapa ya juu ya meza iliyoundwa kwa mbao halisi zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Tofauti na plaiwudi, mbao halisi huvimba na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Kazi hii inaweza kufanyika nyumbani kwa msumeno, randa, nyundo, bisibisi, gundi na msasa.

Uchaguzi wa mbao

Mbao mbichi huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Husinyaa zaidi kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Hivyo mbao zitumike zikiwa zimekauka vizuri. Katika Afrika ya Mashariki mninga (Pterocarpus angolensis) hupendwa kwa sababu husinyaa kidogo. Msaji (Tectona grandis) una mafuta ya asili, hivyo kingo zake hupigwa randa muda mfupi kabla ya kupakwa gundi.

Kuunganisha

Mbao mbili zinazopakana hukunjwa kama kurasa za kitabu, hubanwa, na kingo zake hupigwa randa kwa pamoja. Hata randa ikiinama kidogo, pembe ya ubao mmoja hufidia ya mwingine, na zikifunguliwa uso hukaa tambarare.

Pasipo jiriwa ndefu, vipande viwili vya mbao hupigiliwa juu ya ubao imara, kimoja kila upande wa kazi. Katika nafasi iliyobaki hugongewa kabari mbili zinazoelekeana, ambazo hubana viungo. Nailoni hutandikwa chini ili gundi isishike, na kitu kizito huwekwa juu ili mbao zisiinuke. Kazi huachwa ikauke usiku kucha.

Kufunga na kumalizia

Uso haugundishwi wala haupigiliwi moja kwa moja kwenye fremu, kwani ukizuiwa kusinyaa hupasuka. Hufungwa kwa skrubu zinazopita katika matundu marefu, yaliyoelekezwa upande wa upana. Vanishi au mafuta hupakwa juu na chini; ukipakwa upande mmoja tu, unyevu huingia bila usawa na uso hupinda.

Usalama

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa huweza kujiwasha moto vyenyewe. Hutandazwa nje hadi vikauke. Vumbi la mbao ngumu linaweza kusababisha saratani ya pua, hivyo barakoa ni muhimu wakati wa kupiga msasa.